Mashini ya Papa haiyakufa

Fundi wa kule mtaa wa Alunguli alisema ordinatere, kompyuta ya Papa, imekufa. Leo mimi binti yake nimeifufua, bila hata tournevis ya kuifungua!

Ilikuwa inapata moto, inavuma kama mashini ya kusaga mihogo.

Nikaangalia nini inakula nguvu yote. Njo internet: page sitini na moja, zote wazi! (Wenye baba yao iko hivi, mukuje hapa.)

"Papa, juu ya nini haufungi?"

"Mwanangu, wakati ya vita tulikosa habari myezi mizima. Yenye nimepata, siachilii."



Nikamuwekea page zote ndani ya mashini, asome hata reseau ya internet ikikatika. Kisha nikafunga moja moja. Kelele ikaisha!

Kwa page ya mwisho, akanishika mukono. Ni liste ya wenye walipata diplome. Jina yangu iko pale.

"Hii, acha ikule nguvu."