Kuni za Arusi ya Shamsia

Mize binti Mwishehe alikuwa mtu wa wasiwasi, na kijiji kizima kilijua hivyo. Akifunga mlango hurudi kuutikisa. Mwanawe akichelewa kutoka kazini, hutoka barazani, huingia ndani, hutoka tena, mpaka majirani wamwombe akae kitako kwa kuwa anawatia kizunguzungu. Lakini wasiwasi si woga. Mtu wa wasiwasi huchungulia, na anayechungulia huona mapema. Ndiyo maana Mize alikuwa wa kwanza kugundua kwamba matawi ya kuni yanaondoka mikononi mwao.

Kijiji chao kiko ndani kidogo ukiiacha barabara ya Kerege. Zamani upande wa juu palikuwa kichaka, na kila mwanamke aliokota kuni humo. Kisha kampuni ikaja, ikafyeka kichaka, ikapanda mikaratusi, mistari na mistari, mpaka ukisimama nyuma ya msikiti huoni kitu kingine. Siku ya mkutano wa kijiji watu wa kampuni walisimama wakasema mbele ya wote: magogo ni yetu, matawi ni ya kina mama. Kwetu sisi hayo ni takataka. Watu wakapiga makofi, na Mize alipiga pia.

Ikawa hivyo miaka mingi. Miti ikikatwa, wanawake hufuata nyuma na mapanga yao, wakarudi na mizigo ya kuni. Mize hakuwa mtu wa kukana wema. Mwanawe Najim alipata kazi kwenye mashine za mbao, na kwa kazi hiyo nyumba ilipata bati, na Shamsia mdogo wake akamaliza shule. Hayo aliyasema hata mbele ya wasiopenda kuyasikia.

Ndipo kampuni ikajenga boila. Tanuri kubwa lenye bomba refu, linakula matawi yaliyosagwa, linakausha mbao na kuzungusha mashine za umeme wa kiwanda. Vumbi la mbao nalo likaanza kubanwa kuwa mkaa mbadala, ukapakiwa kwenye malori kwenda Dar. Najim akatolewa kwenye mbao akawekwa kulisha boila. Takataka zikawa mali. Kizuizi kikawekwa kwenye njia ya shambani, na mlinzi akasimamishwa hapo. Wanawake waliokuwa wakiokota matawi bure, sasa walitakiwa wakanunue dukani mkaa huo wa vumbi. Aliyeweza alinunua. Asiyeweza alikata miti yake mwenyewe. Ashura, shoga yake Mize tangu utotoni, aliukata mkorosho aliopandiwa na babake, na aliukata huku analia.

Basi mambo yakiwa hivyo, Shamsia akaposwa.

Kwao kuni za arusi hazinunuliwi. Wanawake hutoka pamoja na ngoma, wakaenda porini, wakakata, wakarudi wamejitwika, na pale uani zikachanjwa kwa nyimbo. Arusi iliyopikwa kwa kuni za kununua ni arusi ya nyumba isiyo na watu. Msimamizi wa shamba, Bwana Abdulazizi, naye mtu wa pwani, alilijua hilo. Akampa Najim salamu apeleke nyumbani: kampuni itatoa magunia ya mkaa mbadala, bure, zawadi kwa bibi arusi.

"Chukua tu, mama, yaishe," alisema Najim.

"Yaishe nini?"

"Haya maneno ya matawi."

"Ndiyo maana wanatoa bure."

Najim akaweka kijiko chini. "Mama, mimi ndiye ninayelisha lile boila. Ukiingia shambani, atakayeulizwa ni mimi."

Maneno hayo yakamkaa Mize kifuani. Kazi ya Najim ndiyo iliyoishikilia nyumba, naye hakutaka kuipoteza. Lakini aliona pia kinachokuja: akiupokea ule mkaa, hakuna mwanamke atakayeweza tena kudai tawi. Watasema, hata Mize alimwoza mwanawe kwa mkaa wetu.

Hakuupokea. Alhamisi asubuhi akajifunga kanga kiunoni, akatoka. Ngoma ilikuwa mbele, Ashura akiwa ameshika kiitikio, na wanawake nyuma wamevaa sare ya arusi.

Kwenye kizuizi alisimama mlinzi, Majaliwa, Mnyamwezi wa Urambo. "Simameni hapo hapo! Hamjui kusoma kibao?"

"Mtani," Ashura akamjibu, "babu yako alifika pwani hii na pembe ya ndovu kichwani. Leo umepewa kirungu tu, umekuwa sultani?"

Majaliwa akajaribu kununa, akashindwa. "Na babu yako alikuwa amejificha nyuma ya mnazi asije akatwikwa!"

Wanawake wakaangua kicheko. Wakwere, kama kina Mize, na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na penye arusi au msiba mtani hana pa kukimbilia. Ataibiwa, atatukanwa, atafungwa kamba, na akikasirika ndiye atakayechekwa.

"Lakini kweli, jamani," Majaliwa akasema kwa sauti ya chini, "nikiwaruhusu nafukuzwa kazi."

Mize alipolisikia neno hilo akamkumbuka Najim. "Hatutaki uturuhusu," akasema. "Ashura, mfungeni."

Wakamkalisha chini, wakamfunga kwenye nguzo ya kizuizi kwa kanga mbili, wakamtia kitumbua mdomoni.

"Kazeni basi!" akasema akitafuna. "Fundo gani hili? Bosi akija aone nimefungwa, siyo nimebembelezwa!"

Wakapita. Matawi yalikuwa yamelala chini yakingoja mashine ya kusaga, na kwa muda haikusikika sauti ila mapanga na nyimbo. Walipokuwa wanarudi, Mize mbele na mzigo wake kichwani, gari la kampuni likaja likasimama katikati ya njia. Akashuka Abdulazizi. Na garini, kiti cha nyuma, alikuwa Najim, bado na vumbi la boila usoni.

"Shikamoo, mama," akasema Abdulazizi.

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Kazi mnaiharibu, mama. Haya matawi ni mali ya kampuni."

"Yalikuwa takataka."

"Yalikuwa, ndiyo."

"Yalibadilika lini, na nani alituita mkutanoni akatuambia?"

Abdulazizi akatazama pembeni. "Tumewapa mkaa, mama. Bure kabisa."

"Hiyo ni zawadi. Sisi hatukuomba zawadi. Tumekuja kuchukua chetu."

"Na muulizeni arusi yake ilipikwa kwa kuni zipi!" Ashura akapaza sauti kutoka nyuma. "Mimi nilikuwepo kule Kaole! Kuni nilichanja kwa mikono hii, pilau akala yeye, mimi nikabakiziwa ukoko!"

Kicheko kikazagaa mpaka kwenye kizuizi. Abdulazizi akaona anachekwa, akageuka. "Najim. Mshushe mama yako mzigo huo."

Ngoma ikanyamaza. Najim akateremka garini, akaja akasimama mbele ya mama yake, mishipa ya shingo imemsimama. Mize alimjua mwanawe. Aliona kwamba neno la kukataa limeshafika mdomoni, na hilo ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko yote. Akamwahi.

"Fanya ulichoagizwa, mwanangu. Kazi ni yako."

Najim akaupokea mzigo kwa mikono miwili, akauweka chini taratibu kama anaweka kapu la mayai. Mize akaiweka sawa kata ya nguo utosini, akainama, Ashura akamsaidia, mzigo ukarudi kichwani.

"Najim!" akasema Abdulazizi.

Najim akaushusha tena. Mize akajitwika tena. Ukashushwa. Akajitwika. Mpiga ngoma, mwanamke mnene asiyependa kukaa bure, akaanza kuufuata mzigo: ukishuka anapiga pigo moja zito, ukipanda anapiga mawili mepesi. Dereva aliyebaki garini akauinamia usukani, mabega yakimtikisika.

"Mama, unanifanyia dhihaka?" akauliza Abdulazizi.

"Hapana, baba. Umemwagiza anishushe, ananishusha. Hukumkosea, naye hakukukosea. Atafanya kazi yake mpaka magharibi, na mimi nitafanya yangu."

"Bosi!" Majaliwa akapiga kelele kutoka kwenye nguzo yake. "Mimi ningesaidia, ila nimefungwa!"

Abdulazizi akajifuta uso, na kwa mara ya kwanza midomo ikamcheza. "Basi. Chukueni. Lakini hizi za arusi tu, kwa heshima ya bibi arusi. Za arusi tu."

Vigelegele vikapasua anga. Wanawake wakamzunguka Mize wakiimba, na Najim akarudi garini akiwa ameinamisha kichwa ili tabasamu lisionekane. Mize peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa amelisikia neno la mwisho.

Arusi ikafana. Pilau ilitosha walioalikwa na wasioalikwa, na Abdulazizi mwenyewe alikuja akala, akamwomba Ashura radhi kwa ule ukoko. Najim hakufukuzwa, kwani nani angesema alikaidi amri? Kila aliyekutana na Mize alimpa hongera kwa ushindi wake. Yeye alijibu "ahsante", kisha akaenda kutazama pale uani jinsi kuni zilizobaki zinavyopungua.

Fungate ya Shamsia ilipokwisha, kuni nazo zilikuwa zimekwisha. Asubuhi ile Mize akachukua panga lake la kila siku na kanga kuukuu. Akafunga mlango, akaenda hatua chache, akarudi kuutikisa, akaenda.

Majaliwa alimwona tangu mbali. "Mtani, leo anaolewa nani?"

"Hakuna."

"Sasa unakwenda shambani kwa arusi ipi?"

"Nina maharage ya kupika."

Majaliwa akacheka, kisha akaona kwamba Mize hacheki. Nyuma yake alikuwa anakuja Ashura, na nyuma ya Ashura wengine, bila ngoma, bila sare, kila mmoja na panga na kamba ya kufungia mzigo. Kule kiwandani bomba la boila lilikuwa linatoa moshi, na Mize alijua ni mikono ya nani iliyokuwa ikilisha moto ule.

Majaliwa akaweka kirungu chini, akanyoosha mikono yote miwili mbele. "Haya, nifungeni basi. Kanga mmeleta?"

"Leo hatukufungi, mtani," akasema Mize. "Leo nenda kamwite Bwana Abdulazizi. Mwambie tumekuja kuchukua kuni za kila siku, kama walivyosema wenyewe mkutanoni. Na mwambie hatukumngoja, tumeanza kukata."

Akainama, akapita chini ya kizuizi.