Kikombe cha Mzee Shomari

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Kisarawe, Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati, alinikabidhi ufunguo wa chumba cha dawa na kunikalisha kwenye dirisha la kutolea dawa. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha ninavyoyajua majina ya dawa. Akanituliza: "Mwangalie mtu kwanza. Dawa haikimbii." Nilimwona mzito tu, mpaka nilipohamishiwa Kibaha, kwenye kliniki ya kisukari.

Huko kila mgonjwa tulimuuliza kama anatumia dawa za asili. Tulihofia mwingiliano wa dawa, yaani mbili kukutana mwilini na moja kuizidishia au kuipunguzia nyingine nguvu. Wengi walijibu hapana huku wakitazama pembeni. Nyie vijana wa famasi msije mkawaita waongo. Walikuwa wameshafokewa mahali.

Bi. Tatu, mkulima wa kule Mlandizi, naye alijibu hapana. Vidonge vyake vilikuwa vilevile, chakula alikula, lakini sukari ilimshuka hadi akatetemeka na kulowa jasho. Wiki hiyo alikuwa ameanguka jikoni. Daktari alikuna kichwa, na mimi niliogopa kwamba akianguka tena hatainuka.

Mumewe, Mzee Shomari, hakukosa kumsindikiza hata mara moja. Nikamwamkia, nikamuuliza mama huanza na nini asubuhi. Akajibu kwa fahari kwamba humchemshia majani ya mwarobaini kwa mkono wake mwenyewe, kikombe kizima, ndipo ameze vidonge. Bi. Tatu akainamisha uso. Kumbe alikuwa anamkinga mumewe asifokewe mbele za watu.

"Baba, mwarobaini wako una nguvu," nikamwambia. "Na vidonge vyetu vina nguvu. Vyote vinashusha sukari, vikikutana vinamwangusha mama. Vidonge daktari anajua kipimo chake. Kikombe hatukijui."

Mzee akaniuliza: "Sasa mimi nitamfanyia nini?"

Swali lile lilinichoma. Aliyelijibu ni Bi. Tatu: "Nipikie uji. Mwarobaini mchungu, mume wangu. Nilikuwa naunywa kwa ajili yako tu."

Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Tangu hapo kila siku ya kliniki alikuja na chupa ya uji usiotiwa sukari, na Bi. Tatu hakuanguka tena.

Nimestaafu sasa, nafuga kuku wangu Visiga. Vijana wa famasi wakinijia kuuliza niliwezaje kuwafanya wagonjwa waseme, nawaambia waulize pia ni nani anayewahangaikia nyumbani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Mzee Shomari alikuja peke yake kurudisha vidonge vilivyobaki. Bi. Tatu alikuwa ametangulia mbele ya haki, kwa uzee tu. Kwapani mzee alikuwa na ile chupa.

"Nimeamka nikapika, mwanangu," alisema. "Mkono umezoea."

Nikafunga dirisha, nikatoka nikakaa naye kwenye benchi, tukaunywa uji wote.