Shingo ya Mtoto Haichezewi: Miaka Yangu ya Yoga ya Chekechea

Siku yangu ya kwanza kufundisha yoga, watoto watatu walitapika kwa mpigo. Ilikuwa shule ya awali huko Kipawa, saa nne na nusu asubuhi, na mimi kwa furaha zangu nilikuwa nimewapanga watoto ishirini wa miaka minne na mitano kwenye busati. Nikawaambia wainame, mikono chini, makalio juu, wawe mlima. Kilichofuata ni uji wa lishe kila mahali. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mwalimu wa chekechea analijua: saa nne ni saa ya uji, na mtoto akipewa nafasi anapiga vikombe viwili.

Mwalimu Mkuu, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alikuja akasimama mlangoni kashika kiuno.

"Mwalimu, hivi hata chupa ya chai ukiiinamisha si inamwaga?"

"Inamwaga, Mkuu."

"Haya. Chukua dekio."

Nikadeki huku nacheka peke yangu, maana niliipenda kazi ile tangu dakika ya kwanza, matapishi na yote! Kuanzia kesho yake yoga ikawa kabla ya uji.

Yoga yenyewe, kwa nyie ambao hamkuipitia, ni mazoezi ya kunyoosha viungo na kupumua taratibu. Mimi niliingizwa na mgongo. Nilikuwa nimefundisha chekechea miaka mingi, na kuinamia vile viti vidogo kulikuwa kumenimaliza. Daktari akanielekeza kwenye darasa la mazoezi Kawe, na baada ya mwezi mmoja nilikuwa nafunga kamba za viatu bila kuguna. Nikarukwa na akili kwa furaha. Nikamwambia Mkufunzi wa pale kwamba nataka kuwapelekea watoto.

Ndipo nikatapikiwa kama nilivyosema, nikarudi kwake kichwa chini.

"Umekuja kujifunza sasa?" akaniuliza. "Maana kule ulienda kujionyesha."

Mkufunzi alikuwa na sauti ndogo lakini maneno yake yalikuwa na uzito. Alinikalisha kama msaidizi kwenye darasa lake la watoto mwaka mzima kila Jumamosi, akinipa sheria zake. Hukandamizi mgongo wa mtoto kwa mkono ili ainame zaidi; anaishia pale mwili wake unapoishia. Soksi zinavuliwa, na mkeka wa plastiki hautandikwi juu ya marumaru kwa sababu unateleza kama sabuni. Mkao mmoja ni pumzi tatu tu, basi tunahamia mwingine. Na hakuna mkao unaoweka uzito kwenye kichwa au shingo, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake bado laini. Kupumua kwa tumbo tulifundisha kwa kandambili: mtoto analala chali, tunamwekea kandambili tumboni, anaitazama ikipanda na kushuka. Jamani, raha ya kuona kandambili thelathini zinapanda na kushuka kwa pamoja, darasa zima kimya! Sijawahi kuchoka kuitazama.

Baadaye nikaajiriwa Mbagala, kwenye chekechea ya Mkurugenzi mmoja mchapakazi kwelikweli, mtu wa kutaka shule yake isikike. Wiki ya kwanza alikuja baba mmoja amevaa kanzu na wasiwasi usoni.

"Mwalimu, nisamehe, hii si ibada ya watu?"

"Karibu ukae, baba. Ukiona ibada uniambie."

Akakaa. Akawaona wanawe wawili wakiwa paka, wakiwa kobe, wakiwa miti inayoyumba kwa upepo. Kesho yake akarudi na busati jipya begani, kasema lile letu limechakaa.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana wazee wengi tunasimulia sifa tu.

Mahafali yalikuwa yanakaribia. Mkurugenzi akaniita ofisini.

"Mwalimu, paka na kobe watu wameshaona. Mgeni rasmi anakuja. Nataka mtoto asimame kwa kichwa."

"Wa miaka mitano, Mkurugenzi? Shingo yake…"

"Shule ya jirani wanapiga sarakasi. Sie tuonyeshe nini, kupumua?"

Nilitakiwa kukataa. Badala yake nikatafuta njia ya katikati: mshumaa. Katika mkao huo mtu analala chali, ananyanyua miguu na kiuno juu, mikono inashika mgongo, uzito unabaki mabegani. Nikajidanganya kwamba mabega si kichwa, wakati najua shingo inajikunja pale chini. Nikamchagua Zuhura, mwepesi kama jani, miaka mitano na nusu. Tulifanya mazoezi wiki mbili na hakulalamika hata siku moja, nami nikajipongeza.

Siku ikafika. Maturubai, spika, vigelegele. Zuhura akanyanyua miguu, ikanyooka tuli, na watu wakalipuka. Hapo ndipo niliposahau tena watu wangu! Kwetu mtoto akifanya vizuri hapigiwi makofi tu, anatuzwa. Shangazi yake akainuka anacheza, shada linametameta mkononi, mpaka mbele. Shada huvaliwa shingoni, na shingo ilikuwa chini kabisa. Akainama, akakinyanyua kichwa cha mtoto ili alipitishe.

"Muacheni! Muacheni mtoto!"

Sijawahi kukimbia vile. Nikafika kwa magoti, mkono mmoja chini ya kiuno, mwingine chini ya kichwa, nikamlaza pingili kwa pingili. Muziki ukakatika. Shingo yake ilikuwa ndogo, ilienea kwenye kiganja changu. Nikamwambia achezeshe vidole vya miguu. Akachezesha. Vya mikono. Akachezesha. Kisha akagusa kisogo.

"Mwalimu, hapa pananiuma toka juzi."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulisema wote mnanitegemea mie."

Nililia mbele ya mgeni rasmi na sioni aibu kuwaambia. Nikachukua maiki, nikawaambia wazazi kosa ni langu, na maonyesho yameisha. Tukaenda hospitali na mama yake. Daktari akasema ni msuli tu, shingo yenyewe iko salama.

Jumatatu nilikwenda ofisini nikijua nafukuzwa. Mama Zuhura alikuwa ameshatangulia.

"Mie sitaki mwalimu aondoke," alikuwa anamwambia Mkurugenzi. "Nataka mwanangu afundishwe kukataa."

Mkurugenzi akanigeukia. "Umesikia, Mwalimu. Anza leo."

Nikaanza siku ileile, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi yangu ninayojivunia kuliko zote. Kila kipindi kilifunguliwa kwa neno moja: basi. Mtoto akiona panauma, au akichoka tu, anasema "Basi!", anatoka kwenye mkao, na darasa zima linampigia makofi mengi kuliko aliyebaki. Mwanzoni walikuwa wanasema basi kabla hata hatujaanza, kwa utamu wa makofi. Tukacheka sana. Baada ya wiki chache wakaanza kulisema kwa ukweli, na mimi nikaanza kuwajua wanafunzi wangu.

Nimestaafu sasa, na magoti yananikumbusha kila asubuhi. Siku ya kuniaga walinivika mashada mpaka kidevuni. Mkurugenzi, mvi tupu siku hizi, akaomba nionyeshe mti kwa mara ya mwisho. Nikasimama mguu mmoja. Makofi yakazidi, nami kichwa kikavimba, nikautaka mguu upande zaidi. Goti likalia. Nikang'ang'ana, nikitabasamu.

Mstari wa mbele palikuwa na binti wa miaka minne, mwanafunzi mgeni, nilikuwa sijalijua hata jina lake. Akanyoosha mkono.

"Basi, Mwalimu!"

Watu wazima wakamwambia nyamaza. Mimi nikashusha mguu, na nikampigia makofi.