Unyoya wa Kuungwa

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule tuliosonga ugali kwa suji, ile ngano ya chengachenga, kwa kuwa unga wa mahindi ulikuwa haujafika madukani hapa Dubai. Ukiusonga unateleza kama sabuni, ukiumeza unakaa tumboni kama jiwe, nasi tuliula kwa dengu tukashukuru. Leo unga wa nyumbani umejaa kwenye rafu, kwa hiyo mwanangu jua nazungumzia zamani. Nilikuwa mbichi, nimetoka Kitui na sanduku la mbao, nafanya kazi za nyumba kwa madam mmoja ambaye mumewe alifuga kozi.

Kozi ndiye yule ndege wa kifua kipana aliye kwenye nembo ya nchi hii. Vijana wetu wanamwita tai, nami siwagombezi. Mdomo wa ndoano ni ule ule. Kwetu ndege wa namna hiyo tulimjua kwa wizi wa vifaranga, tukamfukuza kwa mayowe na kupiga masufuria. Hapa nikamkuta ana chumba chenye kiyoyozi, na mimi nalala stoo. Sikumpenda, sikufichi.

Mlezi wa ndege alikuwa Mzee Khamis, mtu wa asili ya Unguja, Kiswahili chake kimenyooka kama uzi. Wakati wa joto kozi hunyonyoka. Hatolewi kuwinda, hukaa kwenye ubaridi, akala nyama yake, mpaka manyoya mapya yaote. Basi asubuhi moja nikaingia na ufagio, nikayakuta manyoya sakafuni, nikayazoa.

"Weye mwanamke, wapeleka wapi hayo?"

"Kwenye pipa la taka, Mzee."

"Taka! Bawa la mwenzio weye waliita taka? Rejesha hapa. Moja moja."

Nikarejesha huku nimenuna. Akayapanga kwenye kopo, ya kulia mbali, ya kushoto mbali. Moyoni nikasema, huyu mzee ni mganga. Msimu wa kuwinda ukafika, kozi mmoja akajigonga kwenye waya, akaletwa manyoya ya bawa yamekatika, anarukaruka kama kuku. Mzee akanipa nimshike. Amefunikwa macho kwa kofia yake ya ngozi, moyo wake unanigonga viganjani. Mzee akaukata unyoya uliovunjika, akatoa mwingine kwenye kopo, akachomeka kijiti chembamba cha mwanzi ndani ya shina, nusu huku nusu kule, na tone la gundi. Akafanya hivyo na uliofuata. Gundi ilipokauka, ndege akapaa juu ya ukuta nikabaki mdomo wazi.

"Umeona, bibie? Ndege hajiungi mwenyewe. Huungwa kwa unyoya uliodondoka zamani, na pengine si wake. Ukiutupa, siku ya kuvunjika utampa nini?"

Maneno yale niliyaweka. Sikujua yatamfaa nani.

Sasa tusogee karibu. Madam yule amezeeka, nami nimezeeka naye, nalea wajukuu zake. Mjukuu wangu mwenyewe, Mwende, akaja kufanya kazi ya ulinzi kwenye maghala ya Jebel Ali. Mkataba ukaisha, hawakumwongezea. Hakuniambia neno. Aliyenipigia simu ni Rehema, binti wa Tanga anayelala naye chumba kimoja.

"Bibi, njoo. Mwende hali chakula. Kashusha pazia la kitanda, anasema yuko mlimani."

Mlimani! Jebel Ali kwenye makontena, mlima uko wapi?

Nikapanda metro na ugali na mchicha kwenye mfuko. Nikamkuta juu ya kitanda cha ghorofa, mashavu yamezama, midomo imepasuka.

"Nyanya, usinihurumie. Tai akifika miaka arobaini huenda mlimani peke yake. Anagonga mdomo kwenye mwamba hadi uvunjike, anang'oa kucha, anang'oa manyoya yote, halafu yanaota mapya. Nikishuka hapa nitakuwa mtu mpya."

"Nani kakwambia?"

"Barasa. Alitufundisha kwenye mkutano."

Barasa ni mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa nyumbani. Moyo wake mzuri, sauti yake haihitaji spika.

"Mwende, huyo ndege akishauvunja mdomo, anakula na nini?"

Kwenye kitanda cha chini Rehema akakohoa, kumbe ni kicheko.

"Akishang'oa manyoya yote anaruka na nini? Nimewashika kwa mikono hii. Aliyevunjika mdomo, asipolishwa anakufa. Na wakati wa kunyonyoka haangushi yote. Anaangusha mawili matatu, yaliyobaki yanambeba. Shuka."

"Naona haya, Nyanya. Nyumbani nitawaambia nini?"

"Haya haijazi tumbo. Shuka."

Rehema akadakia, "Mie nilimwambia hoteli yetu ya Garhoud wanatafuta mtu wa kufua mashuka. Akaniambia nisimharibie mlima wake!"

"Haya, mwenzako amekushikia unyoya mkononi, na wewe umemshushia pazia. Yalla, Mwende, shuka."

Akashuka. Alikula akilia, machozi yanaanguka kwenye mchicha. Nikamwambia aendelee tu, nilikuwa nimesahau chumvi.

Siku chache kabla ya sikukuu ya taifa, Barasa akanipigia. "Nyanya, tunataka kuwaelimisha vijana kuhusu tai, alama ya nchi iliyotupokea. Wewe umeishi nao. Wape ile ya miaka arobaini. Ukisema wewe, wataamini."

Nikamwambia, "Ndege huyo simjui, wala sitamsimulia."

"Lakini Nyanya, ni mfano tu. Unatia watu moyo."

"Ulimtia Mwende moyo mpaka akaacha kula."

Akasema, "Sikujua, Nyanya." Nikamwamini. Nikaenda kwenye ukumbi wa chama, Oud Metha, na kopo aliloniachia Mzee Khamis, Mungu amrehemu, nikawasimulia vijana ya ndege ninayemjua. Mwende alikuwa nyuma kabisa, mikono yake inanukia sabuni ya hoteli. Watoto walipitishiana unyoya wakajifutia nao pua, khalas, ndiyo elimu yenyewe.

Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Ukivunjika, usipande mlima wa peke yako; sema, mwenye unyoya akusikie. Ukiwa mzima, usitupe kinachodondoka kwako: neno, nguo, jina la bosi anayetafuta mtu. Ubadilike kidogo kidogo, ili uendelee kuruka huku unabadilika. Na alama ya nchi ya watu, au ya nchi yako, ukitaka kuiheshimu anza kwa kuijua inavyoishi. Kumvika ndege uongo si kumsifu.

Mungu akupe bawa zima, na likikatika akupe jirani mwenye kopo.

Barasa amenipigia tena mwaka huu. Anasema watu bado wanaiulizia ile ya mlimani, angalau kwa ufupi, angalau mwishoni. Nimemjibu: "Ndege huyo simjui, wala sitamsimulia."