Kwaresima ya Vidonge

Niliporudi Bukoba baada ya kusomea matibabu ya maumivu, hasa maumivu ya kichwa, watu hawakujua waniweke kundi gani. Daktari wa watoto anaeleweka. Daktari wa mifupa anaeleweka zaidi, maana bodaboda za Kashai zinampelekea wagonjwa kila siku. Lakini daktari wa kichwa? Mama mwenye nyumba niliyopanga alidhani natibu wenye wazimu, akawa ananisalimia akiwa amesimama mbali kidogo. Mama yangu mzazi, kule Izigo, aliwatangazia wanajumuiya wenzake kwamba binti yake ni daktari wa maumivu. Walipomuuliza maumivu gani, akajibu yote. Kwa hiyo kila nilipokwenda nyumbani nilikuta magoti na viuno vinanisubiri barazani, na siku moja mama mmoja aliyetaka nimtibu uchungu wa mume aliyehamia Mwanza.

Mtu ambaye hakuwahi kuniletea maumivu yake ni mama mwenyewe.

Mama ni mjane. Anaishi peke yake katika kibanja chake cha migomba na kahawa. Tangu utoto wangu nilimzoea akiwa amekaza kitambaa kichwani, fundo likiwa juu ya paji la uso, nikadhani ndivyo anavyopenda kuvaa. Ukweli niliupata dukani. Jumamosi moja nilikwenda senta kununua chumvi. Mwenye duka alinipa chumvi, kisha akaweka juu yake pakiti ya vidonge vya maumivu. Akaniomba nimpelekee mama, kwa kuwa jana yake hakupita, na yeye kama mtu mwema alikuwa ameanza kupata wasiwasi.

Nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi. Nikamuuliza kichwa kinamuuma tangu lini. Akasema hakimuumi. Nikamwonyesha vidonge. Akasema hiyo ndiyo sababu hakimuumi: anameza asubuhi kwa chai, anameza tena jioni, na amefanya hivyo kwa miaka.

"Kwa hiyo humezi kikianza kuuma?" nikamuuliza.

"Kikianza, umeshachelewa," akasema. "Mimi nakiwahi."

Nilimweleza kwa upole wote niliofundishwa. Kwamba kichwa kikizoeshwa vidonge kila siku hugeuka kuwa mdai, kikivikosa kinauma, naye akivimeza anakilisha ili kesho kidai tena. Kwamba tiba yake ni kuviacha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuweka kisu chini.

"Yaani maji ndiyo yanayoleta kiu," akasema. "Na hilo ndilo ulilokwenda kusomea miaka yote hiyo?"

Safari zilizofuata nilijaribu tena. Nilimchorea ubongo kwenye karatasi, akasema unafanana na kabichi. Nilimweleza habari za wagonjwa wangu waliopona, akasema anawaombea. Kazini nilikuwa nasifiwa kwa kujua kuzungumza na wagonjwa wagumu.

Mwishowe alikubali, ila si kwa sababu yangu. Jumatano ya Majivu ilikuwa inakaribia, na mama alikuwa na tatizo la kiroho: hakuwa na kitu cha kujinyima. Nyama haili mara kwa mara, pombe ya rubisi aliiacha zamani, na sukari alishajinyima mwaka uliotangulia. Siku moja akanipigia simu na kunitaarifu kwamba Kwaresima hii atajinyima vidonge. Nikaanza kumpongeza. Akanikatiza.

"Nafanya kwa ajili ya Mungu," akasema. "Usije ukadhani ni kwa ajili yako."

Nikaomba likizo, nikaenda kukaa naye.

Kuna sentensi ambayo huwa namwambia kila mgonjwa ninayemwachisha dawa: siku za mwanzo zitakuwa ngumu kidogo. Naitamka kwa sauti laini, huku nikiwa nimeegemea kiti, halafu mgonjwa anaondoka na mimi naita mwingine. Kule Izigo sikuwa na mwingine wa kuita. Mama alilala chumba cha ndani, dirisha limezibwa kwa blanketi, akitapika kwenye beseni. Sauti ya kuku nje ilimuumiza. Harufu ya kahawa iliyoanikwa uani, aliyoipenda maisha yake yote, ilimuumiza. Hilo neno "kidogo" nililiona upya, nikalionea aibu.

Majirani walikuja kumpa pole, kama ilivyo desturi. Walikaa sebuleni wakinong'ona Kihaya, kwa sauti ya kutosha kunifikia, kwamba mgonjwa anazo dawa lakini binti amezificha. Mama mdogo wangu, ambaye aliolewa na Mlutheri na kwa hiyo Kwaresima ya dada yake haikumhusu sana, alinivuta pembeni. Akaniuliza kama ukoo ulinisomesha ili nije kuwanyima watu dawa. Nikamjibu kitaalamu. Akaniangalia kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

Siku ya tatu mama alinishika mkono.

"Wagonjwa wako wote wanapita hapa?"

Nikasema wengi wao, ndiyo.

"Na wewe ndiye unayewatuma?"

"Ndiyo, mama."

"Na bado wanakusalimia," akasema.

Hapo moyo uliniishia. Ndani ya mkoba wangu nilikuwa na vidonge vyenyewe, vile vile vya dukani. Nilikuwa nimejiambia nimevibeba kwa tahadhari. Nilitoa kimoja, nikachukua kikombe cha maji, nikapiga magoti kando ya kitanda chake. Nikamwambia ameze hiki kimoja tu, apumue, kesho tutaendelea. Mimi, mtaalamu, niliyewaambia watu wa mkoa mzima kwamba kimoja tu ndicho kinachorudisha kazi mwanzo.

Mama alifungua jicho moja.

"Rudisha," akasema. "Leo ni Ijumaa."

Nikarudisha.

Baada ya wiki hivi, niliamka asubuhi nikakuta kitanda chake kitupu. Nilimkuta kibanjani akikata majani makavu ya migomba, kichwa kikiwa wazi, nywele zake nyeupe zikipigwa na jua ambalo nadhani lilikuwa halijazifikia kwa miaka. Nikamuuliza hali. Akasema tangu alfajiri amekuwa akikitegea sikio kichwa, kama unavyomtegea mgeni msumbufu mlangoni, na mgeni hajabisha. Niligeuka upande wa miti ya kahawa ili asinione ninalia. Aliniona, lakini akaendelea kukata majani.

Baada ya Pasaka alitoa ushuhuda mbele ya jumuiya: Kwaresima imemponya. Alieleza vizuri sana. Alieleza beseni, blanketi, majaribu ya shetani na kile kikombe cha maji, bila kutaja aliyekishika. Kuhusu mimi alisema tu kwamba binti yake alikuwepo.

Sasa kichwa chake kinauma mara moja moja, kama vya watu wengine. Analala kidogo, anakunywa maji, kinapita. Na wanawake wa Izigo wanaoumwa vichwa hawaji tena kunisubiri barazani. Wanaenda kwa mama. Anawauliza wanameza nini, siku ngapi kwa wiki, wanalala saa ngapi, kisha anawaachisha. Wanamtii kuliko wagonjwa wangu wanavyonitii. Wanaomshinda, anawatuma kwangu.

Majuzi alikuja kliniki mama mmoja wa Kagoma. Kichwa chake ni cha aina nyingine: kinampiga upande mmoja mara chache kwa mwezi, lakini kikimpiga hawezi hata kusimama. Huyo anahitaji dawa. Nilipoanza kuiandika, akanizuia kwa adabu. Alisema mama yangu amemwagiza anieleze yote, ila nikimpa vidonge asipokee.

Nilimweleza tofauti ya kichwa chake na kile cha mama. Akatikisa kichwa taratibu, kwa kuwa kilikuwa kinamuuma. Sikuwa na njia nyingine, nikampigia mama, nikaweka simu mezani ili wote tusikie.

"Anameza kila siku?" mama akauliza.

"Hapana. Hajawahi kumeza kitu."

Mama akafikiri. Kwa mbali tulisikia kuku wake.

"Basi mpe," akasema.

Mama wa Kagoma akanyoosha mkono, akapokea karatasi, akamshukuru mama yangu.