Alama ya Chaki Mlangoni

Kaka yangu alipotangaza kwamba albamu ya pili ya bendi yao itakuwa na "sauti ya zamani", nilimwuliza zamani ipi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwao. "Zamani bwana," akasema. "Ile yenye joto." Albamu ya kwanza waliinunua mama zao tu. Sasa walikuwa wamejifungia miezi mitatu na kompyuta, wakitia mikwaruzo kwenye nyimbo walizorekodi safi. Ni kama kufua shati halafu ukalitafutia matope.

Na zamani yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, inashona nguo. Shangazi, dada yake baba, ni fundi. Pini huzibana mdomoni, kwa hiyo maneno yake makali hutokea pembeni, na mfukoni hakosi kipande cha chaki ya kuchoria vitambaa. Kabla ya cherehani aliimba miaka kumi na mmoja katika bendi ya ukumbi wa dansi. Aliitikia. Kaka alilijua hilo tangu utotoni na hakuwahi kumwuliza swali hata moja. Mimi nimemwuliza mengi hadi akaniita Hakimu.

Kilichomleta kaka kwake ni suruali za picha ya jalada. Alikuja na mpiga dramu wao, Kishindo.

"Shangazi, tunataka pana kabisa chini, kama zenu zile."

"Zetu? Mimi nilivaa gauni. Simama wima, usijipinde kama ndizi."

Alipokuwa akipimwa kiuno, kaka akafungulia wimbo kwenye simu ili asifiwe. Shangazi alisikiliza, kisha akaanza kutoa pini mdomoni moja moja. Hiyo ni dalili mbaya.

"Mvua hii ya nini?"

"Siyo mvua. Ni mikwaruzo. Ndiyo uzamani wenyewe."

"Sisi ilitutoa machozi, ninyi mnajipaka kama poda!"

Nikamwuliza wao walifanyaje. Alinijibu mimi, wale wawili akawapa kisogo. Maikrofoni ilikuwa moja kwa bendi nzima. Kila mtu alichorewa alama yake sakafuni: mwenye sauti ndogo karibu, mwenye kelele mbali.

"Na wewe ulisimama wapi?"

"Mlangoni, kwenye ndoo ya deki. Walisema namfunika mwimbaji." Akachukua pini. "Santuri zikitoka, mama ananiuliza: mbona wewe sikusikii?"

Mama huyo ni bibi yetu, bado yuko chumba cha ndani.

Kaka alikuwa anajitazama kwenye kioo. Kishindo, ambaye kumbe ana akili, ndiye aliyesema, "Shangazi, njoo utupange."

"Nitakuja. Ila nikishampanga mtu, hakuna kuuliza."

Jumamosi tukaenda studio, yaani chumba chenye magodoro ukutani. Shangazi akamsikiliza kila mmoja peke yake, kisha akachuchumaa na chaki yake. Mpiga gitaa, dirishani. Mpiga kinanda, kando yake. Kishindo, nje koridoni, mlango wazi. "Bado uko karibu mno," akamwambia, "lakini jengo limeishia hapo."

Zikabaki alama mbili: moja shibiri mbili tu kutoka kwenye maikrofoni, nyingine mlangoni. Kaka akaiendea ya mbele, kifua mbele kuliko miguu.

"Unakwenda wapi?"

"Si mimi ndiye mwimbaji?"

"Hiyo yangu. Yako ile kule."

"Shangazi jamani, albamu ni ya vijana! Wewe itikia tu, tutakupandisha baadaye kwenye kompyuta."

Kumpandisha! Kama mtoto kwenye kiti. Shangazi akatia chaki mfukoni. "Basi kaeni na mvua yenu." Nilidhani amekasirika, mpaka nikaona haondoki kwenye alama yake. Alikuwa anaogopa kwamba kaka atakubali aende zake.

Kaka alimwangalia Kishindo amtetee. Kishindo akagonga dramu mara moja. "Njoo huku mlangoni, bwana. Usiniache peke yangu."

Akaenda, mdomo ameuvuta kama mtoto aliyenyimwa.

Walirekodi mara moja tu. Sauti ya kaka ikitokea mlangoni ilisikika, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ina adabu. Ya shangazi sitaisifu, ni ndugu yangu. Nitasema tu kwamba mpiga gitaa alisahau kuingia, wakamwacha hivyohivyo.

Albamu ilipotoka, kaka alialikwa redioni. Alivaa ile suruali pana. Redioni! Mtangazaji akamwuliza sauti ile waliipataje. "Ni matokeo ya utafiti wa kina," akajibu. Kwenye jalada, jina la shangazi lilikuja baada ya la muuza nyuzi za gitaa.

"Utafiti," shangazi akasema kwa upande wa mdomo, akaendelea kupinda ukosi.

Kisha wimbo ukapigwa. Mguu wake ukasimama kwenye cherehani. Pazia la chumba cha ndani likasogea, bibi akatoka akishikilia ukuta, akasimama katikati ya vipande vya vitambaa.

"Nani huyo anayeimba?"

"Ni mimi, mama."

Bibi akasikiliza ubeti mzima, sikio kwenye redio.

"Sasa ndiyo nakusikia," akasema. "Na huyo anayelalamika kule nyuma?"

"Mjukuu wako."

"Mwacheni hukohuko," akasema bibi, akavuta kiti.