Shamba la Marachi Lililokosa Mnunuzi

Asubuhi niliyoajiriwa benki sikuwa natafuta kazi. Nilikuwa nimeacha shule mapema na kuchoka na Mumias, nikapanda lori la chumvi bila kuuliza linakwenda wapi. Liliposimama Busia, nikashuka. Mlangoni mwa benki, meneja wa tawi alikuwa akitafuta mtu wa kupeleka barua kwa baiskeli.

"Unajua njia za huku?" akaniuliza.

"Sijui, lakini nitauliza."

"Basi anza leo. Wanaozijua hupitia kwanza kwa jamaa zao."

Miaka ile ya tisini riba ilikuwa juu mno. Faida ya benki ni tofauti kati ya riba inayowalipa wenye akiba na ile inayowatoza wakopaji, kwa hiyo nilidhani kila mkopo ni faida. Meneja alinirekebisha. Mkopo uliokaa miezi mitatu bila kulipwa tuliuita mkopo mbovu, na kila mmoja uliilazimu benki kutenga sehemu ya faida yake kufunika hasara. Wakubwa wa Nairobi waliona afadhali kuikopesha serikali kuliko wachuuzi wa mpakani. Mikopo mibovu ikizidi, tawi letu lingefungwa.

Barua zangu nyingi zilikwenda kwa Mama Nabwire, mkopaji wetu aliyenunua maharagwe Uganda na kuyavusha mpaka wa Malaba. Dhamana yake, yaani mali ambayo benki ingeuza akishindwa kulipa, ilikuwa shamba la huko Marachi alilorithi kwa marehemu mumewe. Hakuwa na mahali pengine pa kuishi. Miezi mitatu ikapita bila malipo, na mnada ukatangazwa.

Siku hiyo nilifika na meneja, tukakuta watu wamejaa uani kwa mama mpaka kwenye migomba. Dalali akataja bei. Kimya. Akaishusha. Kimya.

"Wazee, shamba zuri hivi, mbona hamsemi?"

Jirani mmoja akanyoosha kidole kwenye makaburi kando ya nyumba. "Boss, pale amelala mzee wa boma, na pale kijana wake, bwana ya huyu mama. Nikinunua, nitalima nikiwakanyaga? Ama utawabeba uende nao Nairobi?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Nabwire hakucheka. Alikuwa ameketi kizingitini, amekumbatia magoti.

Garini, tulipofika lami, meneja alifungua faili la mkopo. "Ripoti yetu ilisema udongo mzuri, maji karibu," akasema. "Haikusema nani amezikwa pale. Wewe unayependa kuuliza, kamuulize huyo mama pesa zake huingia lini."

Nilimkuta Malaba, katikati ya foleni ya malori.

"Mama, pesa yako inaingia lini?"

"Lori ikivuka."

"Na inavuka lini?"

"Uliza watu wa forodha. Mara siku mbili, mara wiki tatu. Barua yako tu ndiyo haikwami kwa foleni, mwanangu."

Niliporudisha jibu hilo, meneja alipanga upya malipo: mama angelipa kila shehena inapovuka na kuuzwa, nami ningekuwa Malaba kupokea. Alilipa mkopo wote, na hati ya shamba nikampelekea kwa baiskeli ileile. Wachuuzi wengine tukaanza kuwakopesha kwa vikundi, kila mmoja akimdhamini mwenzake, na malipo yakifuata malori. Mikopo mibovu ikapungua, tawi likabaki wazi. Mimi nikafanywa karani wa mikopo, na huko nikahudumu chini ya mameneja kadhaa.

Vijana wa mikopo wa siku hizi wakiniuliza, huwaambia wasianze na mkopaji ana nini. Waanze na pesa zake hupita wapi, na hukwama wapi.

Nilistaafu bila kiwanja wala nyumba, maana miaka yote nilihamahama vyumba vya kupanga. Asubuhi moja nikabeba begi, nikatoka bila mpango, jioni nikashuka Malaba. Nyuma ya maegesho ya malori kulikuwa na vyumba vipya vya kupanga. Mwenyewe akatoka na mkongojo: Mama Nabwire.

"Kodi ni mwezi mmoja mbele," akasema kabla hata ya salamu.

"Mama, pensheni bado."

"Inaingia lini?"

"Mwisho wa mwezi. Mara nyingine inakwama."

Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipa ufunguo.

"Sawa. Ikivuka, utaleta."